Kungwi na Dawa ya Usingizi

Bi Mwanaidi wa Sindeni alipelekwa hospitali Korogwe kwa sababu huzuni ilikuwa imemwingia kama mchwa kwenye nguzo: nje imesimama, ndani hamna kitu. Halali, hali, hasemi. Vidonge alimeza hadi vikamchoka vyenyewe. Ndipo wakaanza kumtibu kwa umeme wa kichwani, akiwa amelazwa usingizi, naye hakulalamika, maana kulalamika nako kunataka nguvu.

Lakini umeme haukushika. Jacob, mtaalamu wa usingizi, kijana wa Mpale, alimwamkia kisha akamweleza taratibu kwamba umeme hutibu kwa kuutukutisha ubongo kidogo, mfano wa degedege, na ile dawa nyeupe kama maziwa wanayomlazia usingizi inaupoza mno. Iko nyingine, ketamini, hiyo haiupozi. Ila wengine huzinduka nayo wakiropoka.

Hapo Bi Mwanaidi akainuka, akakaa kitako.

"Wanaropoka nini?"

"Lolote lililo moyoni, bibi."

"Basi niache nife na maziwa yenu."

Jacob hakuelewa. Munira, wifi yake Bi Mwanaidi na ndiye aliyekuwa akimuuguza, alielewa vizuri sana. Wote wawili ni makungwi. Wasichana wa Sindeni karibu wote wamefundwa nao, na ya unyagoni hayatamkwi mbele ya mwanamume, hata awe na koti jeupe. Jacob akasema yeye hatasikiliza. Wakamwuliza masikio huwa anayaacha wapi. Akaomba radhi, lakini kutoka hawezi. Kazi yake ni kulinda pumzi za mgonjwa.

Mwishowe Munira akakata shauri: yeye atakaa kichwani, na neno la kwanza likichomoza, atalifunika kwa kaswida.

Siku ya tiba ubongo ukatukutika sawasawa. Bi Mwanaidi alipoanza kuzinduka, midomo ikacheza, ukatoka mstari mmoja wa wimbo wa unyagoni. Munira hakungoja wa pili. Akapaza kaswida ya maulidi hadi wauguzi wakachungulia mlangoni, na Jacob, Mkristo wa watu, akajikuta anaitikia.

Bi Mwanaidi akafumbua jicho moja.

"Munira, unaimba kama bawaba ya banda la mbuzi. Hata huyu kijana anakushinda."

Tangu masika hakuwa amemkosoa mtu yeyote. Munira akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaendelea kuimba, safari hii vibaya zaidi, makusudi, ili agombwe tena.