Anayebisha kwa Kiwiko

Kwa miaka minne nilikuwa mke wa mwanamume mtoro, na ole wake aliyeniita mjane. Mtaa mzima wa Manyatta ulinijua kwa hilo. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniletea sukari na majani ya chai, uso ameshaukunja kimatanga. "Pole kwa kufiwa, Mama Aoko," akasema, nami nikamrudishia sukari yake palepale mlangoni. Sikufiwa. Nilikimbiwa. Joram wangu alikuwa Musoma, ng'ambo ya mpaka, akila ugali wa mwanamke mwingine, na siku ambayo angerudi nilikuwa na mengi ya kumweleza.

Wala sikujitungia. Jioni ile ya mwaka 1988 alipotoka kwenda kutega nyavu ufuo wa Dunga tulikuwa tumegombana. Alitaka tuhamie Musoma, eti huko samaki ni wengi na wavuvi wachache. Mimi nilikuwa na studio yangu ya picha, chumba cha mbele cha nyumba yetu, pazia la maua na kiti kimoja kizuri, na sikuwa naenda popote. Akavaa sweta lake, akatoka bila kuaga. Hakurudi. Mtumbwi haukuonekana, wala nyavu, wala kitu chochote, na kila mtu pale ufuoni alisema ziwa likimchukua mtu hurudisha angalau kofia. Halafu Dishon, mchuuzi wa samaki, akarudi kutoka safari zake akaniapia kwamba amemwona sokoni Musoma.

"Ni yeye kabisa, Mama Aoko. Si alikuwa na ile sweta ya blue, yenye imemalizika na njano?"

Sweta hilo nililifuma mwenyewe. Lilikuwa la buluu, mikono ina mistari myeupe. Nilipofika mwisho wa mkono wa kushoto uzi mweupe ukaniishia, nikaumalizia ule mstari wa kifundoni kwa njano. Joram alicheka wiki nzima. "Watu wataniuliza hii ni jezi ya timu gani," akasema, lakini halikumtoka mwilini. Kwa hiyo Dishon alipoitaja njano niliamini, na hasira ikanipanda mpaka nikapona. Ndiyo, nilipona. Mwenye hasira anaweza kupika, kuwafulia watoto na kufungua studio asubuhi. Mwenye msiba hukaa chini, na mimi sikuwa na nafasi ya kukaa chini.

Mama mkwe wangu, Dorca, hakukubali habari za Dishon. Yeye aliishi Usenge, akianika omena na kumngoja mwanawe azikwe. Kwetu mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo chake, ili roho nayo ipate mahali pa kulala. Lakini mke asipokubali kwamba mumewe amekufa, atazikwa vipi? Ndiyo maana kila mara alimtuma Ogola, mdogo wake Joram, aje kuniuliza kama niko tayari.

"Mwambie mama hatuziki mtu anayekula," nilimjibu.

Kulikuwa na jambo ambalo Ogola sikumwambia. Joram alikuwa akirudi kutoka ziwani saa nne asubuhi, samaki mkono huu na huu, kwa hiyo alibisha kwa kiwiko, chini kidogo ya komeo. Ni sauti nzito, haifanani na ya ngumi. Miezi michache baada ya yeye kuondoka, watoto wako shuleni, jua limewaka, nami nakata picha za vitambulisho mezani, nikasikia kiwiko mlangoni. Mara mbili. Ikaingia harufu ya sufu iliyolowa. Mkasi ulinianguka. Niliogopa, sitaki kudanganya, kisha hasira ikanijia na kunisaidia kama kawaida yake.

"Samaki wako peleka Musoma!" nikapiga kelele.

Kubisha kukakoma. Lakini alirudi, si kila siku, ila mara za kutosha kunifanya niogope saa nne ya asubuhi kuliko giza. Kila mara nilimpa jibu lilelile, na mlango sikufungua. Kama Joram alikuwa Musoma anakula ugali, basi ni nani huyo aliyekuwa akibisha? Swali hilo nililizunguka kwa miaka minne bila kulikanyaga.

Sasa, Mwalimu Wepukhulu alikuwa mteja wangu. Alifundisha biolojia, naye alianzisha kikundi cha watu wa kupiga picha za ndege. Kila mwezi walitoka pamoja. "Benta, wewe kila siku unapiga watu wanaotaka uwafanye weupe," aliniambia. "Njoo upige wale hawaombi kitu." Nikasema sina nafasi. Ukweli ni kwamba tangu Joram aondoke sikuwa nimeukaribia ufuo wa Dunga, na jirani yangu Perez, muuguzi mwenye mdomo mwepesi, alilijua hilo.

"Na kama bwanako yuko Musoma," akaniuliza mbele ya wateja, "hiyo ziwa ya Dunga inakutisha na nini?"

Nilijiandikisha siku hiyohiyo, kwa ubishi mtupu.

Tulikwenda Jumamosi, mwaka 1992, alfajiri. Kulikuwa na Mwalimu Wepukhulu, Perez aliyekuja kuniona nikishindwa, na Wasike, karani wa benki mwenye lenzi ndefu aliyoipenda kuliko mchumba wake. Na ufuoni, ameshika kasia, alikuwa Ogola. Mwalimu alikuwa amekodi mtumbwi bila kujua ni wa shemeji yangu. Ogola alinisalimu kwa heshima zote, nami nikaitikia nikitazama pembeni, nikapanda.

Mwalimu alitoa amri mbili: hakuna kusimama, hakuna kusema. Ogola akatuingiza taratibu kwenye kijia cha maji kati ya mafunjo. Ndani mle upepo haufiki. Mafunjo yalisugua ubavu wa mtumbwi, na mara kwa mara furukombe, yule tai mla samaki, alilia juu yetu, kile kilio chake cha kurudisha kichwa nyuma, na kila alipolia nilihisi kama kuna mtu ameitwa na hajaitika. Nilipiga picha ili mikono iwe na kazi. Nilipiga korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na kwarara akichokoa matope kwa mdomo wake uliopinda. Mwewe alipita akiwa na chura. Nilianza hata kufurahi kidogo, nikamtupia Perez jicho: umeona?

Kijia kiliishia mahali penye mti mkubwa uliosimama ukingoni, na kwenye panda ya mti ule kulikuwa na kiota kikubwa ajabu, mtu angeweza kukaa juu yake.

"Fundichuma," Mwalimu akanong'ona. "Mdogo hivyo, angalieni nyumba yake. Anaongeza kila mwaka. Anabeba fito, mifupa, vitambaa, kila takataka. Lakini haendi mbali. Vyote mnaona hapo ameokota humu humu kwa mafunjo."

Ndege mwenyewe alitua, kahawia, kile kichwa chake cha nyundo kikitikisika, na kipande cha wavu mdomoni. Nikamwomba Wasike lenzi. Alinipa kwa roho ngumu. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikamtafuta ndege, nikamleta karibu, nikaivuta picha mpaka ikawa wazi.

Chini ya miguu yake, kati ya fito, ulining'inia mkono wa sweta.

Ulikuwa umefubaa na kuoza pembeni. Buluu yake ilikuwa imekuwa rangi ya jivu, lakini mistari myeupe ilihesabika, na pale kifundoni, palepale uzi uliponiishia, palikuwa na njano. Mtu haisahau kazi ya mikono yake. Nilipiga picha. Sikujua la kufanya zaidi, nikapiga tena. Kelele ilikuwa imenijaa mpaka shingoni, na amri ilikuwa hakuna kusema, nami nikaitii amri ile ya kipuuzi kana kwamba ndiyo pekee iliyoushika mtumbwi usizame. Niliuma mkanda wa kamera na kuendelea kubonyeza.

Nyuma yangu maji yalipasuka. Furukombe alikuwa ameshuka na kunyakua samaki hapo hapo karibu nasi.

"Wewe Benta, rudisha lenzi yangu!" Wasike alinong'ona kwa uchungu. "Furukombe ameshika samaki na mimi niko hapa mikono mitupu! Hiyo ni fundichuma tu, iko kila mahali!"

Sikumrudishia. Niligeuka, nikampitishia Ogola kamera juu ya kichwa cha Wasike. Ogola alishangaa; kwa miaka minne sikuwahi kumpa hata kikombe cha maji. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kasia chini, akatazama kupitia lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha mabega yake yakashuka.

"Shemeji," akasema, "ni ya njano."

Hapo Perez alielewa. Akanishika mkono, wala hakuuachia mpaka tulipofika ufuoni. Wasike naye hakuuliza tena lenzi yake.

Ogola alirudi siku ile ile na wavuvi wenzake, wakapekua mafunjo chini ya mti. Matope ya pale hayana mwisho. Walipata kipande cha kasia tu. Kiota hawakukigusa. Watu wa ufuoni wanaogopa kukivunja kiota cha fundichuma, na mimi pia nilikataa kivunjwe. Basi mume wangu hakuwahi kufika Musoma. Alikuwa amelala Dunga, mahali ambapo sauti za watu wa ufuoni zinasikika vizuri. Dishon nilipomfuata alikuna kichwa, akasema labda ilikuwa mtu mwingine, sweta ni nyingi.

Filamu niliipeleka kusafishwa mjini. Nikiwa naisubiri, saa nne ya asubuhi moja, kiwiko kikabisha. Harufu ya sufu ikaingia. Nilifungua mdomo kusema la siku zote, nikaufunga; Musoma hakukuwa na mtu wangu. Lakini kufungua mlango nako sikuweza. Nilikaa kwenye kile kiti kizuri cha wateja, mikono mapajani, mpaka harufu ikaisha.

Nilifika Usenge na picha moja kubwa ndani ya bahasha. Ilikuwa picha safi, bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Dorca alikuwa ameketi kando ya omena zake, akiwafukuza kunguru kwa ufito. Nikamsalimu, nikapiga magoti, nikamwekea picha mikononi. Nilikuwa nimepanga iwe hivyo. Picha ingesema, nami ningenyamaza.

Aliigeuza huku na huku. Ndipo nilipoona macho yake yalivyofunikwa na utando mweupe. Kwa miaka yote hiyo niliyomkwepa, hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Nyar Seme," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nilipoolewa, binti wa Seme. "Sioni kitu hapa. Niambie wewe."

Nilimweleza habari za mti. Nikaeleza ndege, na kiota, na mkono wa sweta, na njano. Alisikiliza, ufito umetulia mkononi, kunguru wakila omena.

"Ndege nimewasikia," akasema. "Mimi nauliza mwanangu."

"Joram amekufa, mama."

Nikajisikia nimesema. Nililia pale chini mpaka nikashindwa kupumua, nikilia pia kwa furaha ya aibu ambayo sikuitegemea: hakunikimbia. Alikuwa ametoka kutega nyavu, na alikuwa anarudi nyumbani.

Dorca alingoja nitulie. Kisha akaniuliza, polepole, kama anayeogopa jibu, "Amekuwa akija kwako?"

"Ndiyo, mama. Asubuhi. Anabisha."

"Ulimfungulia?"

"Hapana. Nilimfukuza."

Alipapasa mpaka akaupata uso wangu. Nilitegemea kofi. "Kwangu hakuja hata mara moja," akasema. "Nimelala mlango wazi miaka minne. Kumbe mtoto alikuwa anajua kwake."

Tulimzika Usenge kabla ya mvua. Ogola mwenyewe alichagua tunda la yago, refu na zito. Nami kabla ya hapo nilikuwa nimefuma mkono mmoja wa sweta, wa buluu, wenye mistari myeupe, nikauvalisha lile tunda, ukalikaa vizuri. Safari hii uzi mweupe ulikuwa tele. Hata hivyo kifundoni nilimalizia kwa njano, na Dorca, aliyetaka kupitisha vidole juu yake kabla halijashushwa, akaniuliza ni wapi hasa penye ile rangi. Nikamwekea kidole hapo.

Watu husema mtu akishazikwa vizuri hupumzika, na kwamba ndilo tulilotaka. Ni kweli. Mimi nilirudi Manyatta na kufungua studio. Perez huja, hutania, huondoka. Ikikaribia saa nne, watoto wako shuleni, huweka mkasi mezani na kuinuka. Komeo nililing'oa kabisa, na mlango nauacha wazi mpaka ukutani, ili mwenye mikono iliyojaa asihangaike.

"Karibu, Joram," nasema. "Weka samaki chini."

Nasimama hapo mpaka saa nne ipite. Habishi mtu, na harufu ninayoisikia ni ya vumbi la barabarani tu.