Safu Mbili kwenye Simu ya Mama

Kaka yangu ameajiriwa na hospitali kuzifanya karatasi zao zisomeke kwenye simu. Anachukua maelezo ya dawa, yale ambayo kwenye kioo kidogo unayavuta huku na huku mpaka unasahau ulichokuwa unatafuta, anayapanga upya ili maandishi yakue na kushuka yenyewe. Nyumbani tunamwita Injinia. Hakatai.

Mwanangu aliposhikwa na homa nilikuwa kazini. Mama, aliyebaki naye, alifungua maelezo ya dawa kwenye simu, akasoma, akapima, akampa. Niliwakuta wodini, mtoto amelegea, dripu mkononi. Daktari alisema amepewa dozi ya mtu mzima.

"Ni haya macho yangu mabovu," Mama alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Injinia alimshika bega. "Usijali, Mama. Nitakununulia miwani."

Mtoto alipona, tukarudi naye nyumbani, lakini Mama hakumbeba tena. Akinyooshewa vile vimikono, anaificha mikono yake nyuma. "Njoo umchukue mwanao," ananiita. Mtoto analia, Mama anageukia ukutani. Iliniuma kuliko hata wodini.

Injinia alipoleta miwani, nilikuwa nimeshika simu ya Mama, nimefungua yale maelezo. Karatasi ya hospitali ina safu mbili, watu wazima na watoto, bega kwa bega. Hapa moja ilikuwa imeshuka chini ya nyingine, na vichwa vyake vimepotea. Msomaji alikutana kwanza na kipimo cha mtu mzima, bila neno la kumwonya.

"Uliikagua hii?"

"Tuliikagua wote ofisini." Akaichukua simu, akailaza kwa ubavu. Safu zikarudi mahali pake, na vichwa vyake juu. Kumbe ndivyo wanavyokagua huko, simu zimelazwa kwenye vishikizo vya mezani.

Nikamnyang'anya, nikaisimamisha. "Mama alikuwa na mtoto begani. Simu kaishika kwa mkono mmoja, hivi. Wewe umeliona lini hili?"

Aliinamisha kichwa. "Kule wodini."

Kule wodini, halafu akaenda kutafuta miwani!

"Mwambie," nikasema. "Mwambie mwenyewe, la sivyo toka humu ndani."

Alichuchumaa mbele ya Mama. "Mama, macho yako hayana kosa. Mimi ndiye niliyepanga vibaya."

Mama alimtazama. "Kwa hiyo nilisoma sawasawa?"

"Ulisoma sawasawa, Mama."

Akalia, na mimi nikalia. Nilidhani angemkaripia, au angemwita mtoto. Badala yake alijifuta kwa kiganja, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Na wenzangu?" aliuliza. "Mabibi wengine walio na watoto begani sasa hivi, hii karatasi umeshaiondoa kwenye simu zao?"

Injinia alitoa simu yake, akaanza kutafuta namba ya ofisini.