Fifi

...pu, mara moja tu, usiku, mimi nimelala chumba cha pamba kwa sababu hapa Zagayu msimu wa mavuno mgeni hulala palipobaki nafasi, gunia lilikuwa limeegemezwa vibaya likaanguka, basi, ni gunia tu, nilijiambia hivyo mpaka jogoo, na sasa kumekucha, jua limefika kwenye turubai na bado nausikia mlio ule, kwa sababu yeye alipoanguka hakukuwa na mlio, pamba ilimeza kila kitu, na mtu akianguka bila mlio anaendelea kuanguka... “Mwangaluka, mwalimu,” ananiamkia Justina, dada yake, “macho mekundu hivyo, panya walikuomba mashairi usiku kucha?” na mimi nacheka, kucheka najua, nakaa kwenye turubai karibu na mama mkubwa, nachambua pamoja naye, nyeupe huku, iliyochafuka huku, safi, fifi, safi, safi, fifi, vidole vyake vina mdundo wake na vyangu vinaufuata bila kuulizwa, hilo ndilo balaa langu, mdundo, na ni fifi kama hii iliyotupeleka ziwani mwaka jana, lori la mafuta lilipopinduka kule Busega, petroli na dizeli vikateremka na korongo mpaka ufukweni, tukatangaziwa kanisani Bariadi kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea, nikasimama mimi, msomi, nikasema pamba hunywa mafuta, fifi tunazo, mnunuzi amezikataa, tuzipeleke, na watu wakapiga makofi, akapiga yeye kuliko wote, mtoto wa mama mkubwa, kaka yangu aliyenitangulia kwa miezi minne tu, tukajaza Fuso tukaimba mpaka Lamadi... mchanga mweusi, samaki wamelala ubavu, ndege mmoja mweupe asiye mweupe tena anatembea kama mtu aliyepoteza funguo, na harufu, harufu iliyokaa kwenye meno, kwenye mkate, na afisa mazingira, Hemed, mtu wa Tanga, mpole, kila sentensi “ndugu zangu”, alisema ndugu zangu, pamba ikishalowa iwekeni kwenye beseni, wazi, ipigwe na upepo, msiishindilie, alisema mara mbili na mimi nilisikia mara mbili, halafu akaenda upande wa pili wa ufukwe, jioni ikakaribia, beseni chache, gari linabeba kidogo kidogo, na mikono yetu inajua namna moja tu ya kusafirisha pamba, gunia refu kama mtu, wawili wanashika mdomo, mmoja anaingia kushindilia kwa miguu, ndivyo babu alivyofanya, ndivyo sisi, nani angefikiri kwamba pamba inaweza kumfanya mtu chochote, pamba... nikasema, ingia. Nilisema kwa kipaza sauti, sijui kwa nini nilihitaji kipaza sauti kumwambia mtu aliyesimama hatua mbili. Akavua viatu, “Umeshika kipaza sauti wewe, basi mimi naingia,” akaniambia, kisha akageukia wenzetu, “Shikeni vizuri,” akasema, “msije mkaniuza pamoja na fifi,” watu wakacheka, akazama mpaka nywele, akaanza kukanyaga na mimi nikaanza kumpigia, kanyaga baba kanyaga, ziwa letu kanyaga, maneno yalikuja yenyewe, vina vilikuja, nilifumba macho kwa utamu, Mungu wangu, nilifumba macho, kichwa chake kilikuwa kinachomoza na kuzama kwenye mdomo wa gunia, nilipofumbua kilikuwa hakichomozi, Mwandu aliyeshika gunia akadhani amechuchumaa kupumzika, na mimi nikaendelea, beti moja, mbili, ya tatu sikuimaliza, mvuke wa petroli ni mzito, daktari alieleza, hukaa chini, ulikuwa umemjaa kule ndani kama maji kwenye mtungi na mimi juu yake naimba... “Unachanganya,” anasema mama mkubwa, ananionyesha, nimeweka fifi kwenye rundo la safi, mkono mzima, “Samahani, mayu,” naiokota, hakasiriki, hajawahi kunikasirikia, hasira zote amempa yeye, na huko ndiko nisikoweza kuangalia, maana polisi walipouliza nani alimwingiza nilisema aliingia mwenyewe, kwetu ndivyo tunavyofanya, maneno matano tu, Mwandu akatazama mchanga, na maneno hayo yakapanda gari yakafika hapa kabla ya maiti, kwamba alionywa mara mbili akaingia, kwa ubishi, na mama mkubwa akayaamini, akazika bila kulia, na tangu siku hiyo hajalitaja jina lake, anasema “yule”, yule alikuwa mbishi toka mdogo, Novemba paroko alipokusanya majina ya marehemu wa kuombewa alimpa jina la mumewe, la baba yake, la mtoto aliyekufa kwa surua, akafunga mdomo, Justina akaanza kutamka la kaka yake, mama akamkanyaga mguu, hapo hapo, mbele ya katekista... mimi nilimuua mara moja, kwa kutojua, ya pili nilijua... “Haya, twende,” Justina ameleta gunia tupu, amelifungua, mama mkubwa anainuka akishika kiuno, anakamata upande wake wa mdomo, wamesimama wawili na katikati yao shimo jeusi la katani, “Ingia wewe mwalimu,” anasema Justina, “miguu yako tangu uende chuo haijui kazi, inajua chaki,” na nyayo zangu zimekuwa baridi juani, ni pamba kavu hii, inanukia jua na vumbi, haina kitu, ningeingia, ningekanyaga, tungekula ugali, ningerudi zangu Somanda kwenye chumba changu na daftari zangu, mwaka wa pili, wa tatu, na yeye angebaki mbishi, mama yake mwenyewe angekufa akimchukia na wangekutana huko na yeye hajui amekosa nini... “Mwache, usimcheke,” anasema mama mkubwa, taratibu, “huyu ana adabu, akiambiwa anasikia. Siyo yule,” na gunia bado liko wazi, mikono yao bado imeshika, kuku mmoja anapita kati yetu, nimeshavua kiatu kimoja, na kwa mara ya kwanza hakuna mdundo wowote kichwani, hakuna wa kunipigia, ni maneno tu, makavu, yanangoja mtu, “Mayu,” nasema, “mimi ndiye niliyemwambia aingie. Aliniambia nimeshika kipaza sauti mimi, basi yeye ataingia. Hakubisha, mayu. Masunga mwanao alinisikia.”