Chujio la Kaka Mkubwa

Kasha lilipofika, Sindano alidhani kaka yake ametuma jiko. Ndani mlikuwa na ndoo nyeusi yenye mfuniko, nzito kweli kweli, na mabomba mawili ya mpira yaliyojikunja. Hapakuwa na salamu wala pole. Kaka Mkubwa ndivyo alivyo: akikosa la kusema, ananunua kitu kikubwa.

Lilikuwa chujio la maji, kwa ajili ya samaki wa baba. Baba, fundi saa, alikuwa kitandani chumba cha mbele tangu kiharusi kilipomwangusha. Ulimi ulikuwa umekufa, na upande wa kulia pia. Alichobakiwa nacho ni macho, mkono wa kushoto, na samaki mmoja mzee wa rangi ya chungwa katika tangi la kioo lililowekwa mbele ya kitanda. Walimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya kitambi chake na jinsi alivyopita mbele ya watu bila kuwatazama. Mheshimiwa akiogelea, baba alikunywa maziwa. Mheshimiwa akijificha, kijiko kiligonga meno yaliyofungwa. Sindano alikuwa ameshaelewa kwamba anauguza wawili, na kwamba mmoja akienda, wa pili hatakawia.

Kaka Mkubwa hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu agombane na baba juu ya kibanda cha saa, ambacho hakutaka kukirithi. Siku hiyo baba alitamka mbele ya wateja kwamba hana mtoto wa kiume. Neno hilo halikufutwa, na sasa ulimi wa kulifuta haukuwepo.

Basi chujio likafungwa, likawashwa, balaa likaanza. Lilikuwa limetengenezwa kwa tangi kubwa mara nyingi kuliko lile. Maji yalitoka kwa kishindo, changarawe ikahama upande mmoja, na Mheshimiwa akasukumwa hadi kona, akawa anapiga mkia palepale bila kwenda popote. Baba akanyoosha kidole. Kidole hicho kilikuwa na kazi moja tu: kuna shida kwenye tangi, njoo. Kwa mengine yote alifumba macho kusema ndiyo, na akageukia ukutani kusema hapana.

Sindano aliacha cherehani na nguo za watu, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo pale madukani.

"Umechukua injini ya lori ukaifunga kwenye baiskeli," yule bwana akacheka. "Sikiliza, dada yangu. Bomba moja linanyonya, jingine linarudisha. Ukitaka kupunguza kasi, bana koki ya linalorudisha. La kunyonya usiliguse, utaiua mashine kwa kiu."

"Nibane mpaka wapi?"

"Mpaka samaki aache kuhangaika. Mtazame yeye, usitazame koki. Halafu ile ncha yenye matundu igeuzie kwenye kioo, maji yajigonge huko yapoteze nguvu."

"Na mngurumo wake? Siwezi kulizima mchana, mzee apumzike?"

Muuza samaki akaacha kucheka. "Usithubutu. Mle ndani mna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, na vinaishi kwa maji yanayopita. Ukizima mchana kutwa vinakufa, ndoo nzima inaoza. Ukija kuwasha, sumu yote inamwendea samaki. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, fungua usuuze kwanza, ndipo uwashe."

Alirudi akapiga magoti kando ya tangi, akaishika koki.

"Hapa, baba?"

Baba akageukia ukutani.

"Na hapa?"

Ukutani tena. Sindano akabana kidogo zaidi, akaigeuza ncha ya bomba. Maji yakatulia. Mheshimiwa akatoka konani taratibu, akapita katikati ya tangi na kitambi chake, hana habari na mtu. Baba akafumba macho, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Sindano alifurahi hadi akajionea haya, mtu mzima kushangilia koki.

Wiki zikapita hivyo, maziwa yakanyweka. Kisha asubuhi moja Kaka Mkubwa akatokea mlangoni, kanenepa, kashika kofia mkononi kama mgeni. Sindano alimwingiza hadi kitandani kwa baba. Alikuwa na sare za shule za kupeleka upande wa pili wa mji, akaona heri awaachie nafasi.

"Maziwa yako jikoni. Umnyweshe polepole, kaka."

Habari za chujio hakumwambia. Chujio lilikuwa lake, kalinunua mwenyewe. Nani angemfundisha mtu kitu chake?

Aliporudi jioni, kaka alikuwa anafunga viatu, macho mekundu, uso umekunjuka kama wa zamani walipokuwa watoto. Alimkumbatia haraka, akasema gari litamwacha. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Baba alikuwa amelala, machozi yamemkaukia shavuni, na Sindano akayahesabu kuwa ya furaha.

Asubuhi tangi lilinuka yai viza. Mheshimiwa alikuwa anaelea kiubavu, mdomo wazi. Baba alikuwa macho, anamtazama, na mkono wa kushoto umelala juu ya shuka. Sindano alimtoa samaki kwa bakuli, hajui amekosea wapi. Koki ilikuwa palepale alipoiacha. Simu ikalia juu ya meza. Akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikajaa chumba.

"Mdogo wangu, sijalala usingizi kama wa jana miaka yote hii. Baba kanisamehe."

"Kakusamehe vipi, kaka?"

"Kwa mkono wake! Nilizima ile mashine nilipofika tu, nimsikie hata akipumua. Basi akaanza kuninyooshea mkono. Nikiushika, anauchomoa, anaunyoosha tena. Mchana kutwa! Nikaubusu, nikalia, naye akalia. Nikaja kuiwasha jioni nilipokusikia getini."

Sindano aliketi ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani. Hasira ilimpanda, na maneno yalikuwa tayari, makali, ya kumtosha kaka yake maisha yake yote. Akamtazama baba. Akauliza kwa midomo tu, bila sauti: nimwambie?

Baba akageukia ukutani.

"Dada? Upo? Alikuwa ananinyooshea mimi, sivyo?"

"Ndiyo, kaka," akasema. "Nani mwingine?"

Kaka Mkubwa alilia kwa furaha, akaaga, akakata simu. Sindano alikwenda jikoni, akapasha maziwa, akarudi nayo na kijiko. Akamwita baba taratibu, akamgusa bega, akamwita tena. Chujio lilikuwa linazungusha maji matupu, na baba bado kautazama ukuta.