Mwekezaji Aliyenishika Mkono

Usiku wa jana niliota nimesimama jikoni kwangu, hapa Tabora, nasaga karanga, na mwekezaji amenishika mkono.

Barua yake, ninayotakiwa kuitia saini leo, inasema: "Tutakushika mkono mpaka biashara isimame." Nilidhani ni maneno tu. Sasa Bwana Rwechungura mwenyewe yupo, kaushika mkono wangu wa kulia, hauachii.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Endelea na kazi, binti. Mimi ni mlezi tu."

Naendelea. Siagi ya karanga inajaa kwenye kopo, ila kifuniko hakifungiki kwa mkono mmoja. Nikikizungusha, kopo nalo linazunguka. Nje wateja wamepanga foleni hadi kwa fundi baiskeli.

Mashine ya kusagia inakohoa. "Nyamizi, dada yangu, utauza siagi wazi? Nzi wanakushukuru."

"Mzee, niachie kidogo nifunge," namwomba.

"Nikikuachia nitakuwa nimekutupa. Nimeahidi."

"Basi nisaidie kwa huo mkono mwingine."

Anainamisha kichwa. "Huo nao umeshikwa."

Natazama. Kweli. Mama mwenye miwani kamshika, naye kashikwa na mzee wa kofia ya pama, naye kashikwa na mwingine. Mlango wa jikoni umekuwa mlango wa stesheni, na watu walioshikana mikono wamefuata reli mpaka macho yangu yanachoka.

"Hao ni nani?"

"Walionipa hela za kukupa wewe. Nao wananishika mkono."

"Na wa mwisho kashikwa na nani?"

Anafikiri. "Sijawahi kuuliza. Na wewe ni wa kwanza kuniuliza kitu. Wenzako wote ni ndiyo mzee, ndiyo mzee."

Mashine inacheka mpaka inatapika maganda.

Huko mbali treni inapiga honi. Wa mwisho kumbe kashapanda. Mstari unakazika, Bwana Rwechungura anavutwa, nami navutwa. Jiko langu linabaki nyuma, wateja wangu wananitazama nikiondoka na kopo lisilofungwa.

"Mzee, kwani lazima mkono? Nishike bega!"

"Barua inasema mkono."

"Si uliiandika wewe?"

Ananitazama kama mtu aliyekumbushwa jina lake. Anauachia mkono, ananishika bega. Nazungusha kifuniko. Tk. Kimefunga.

Anageuka nyuma. "Jamani, mabega!"

Neno linasafiri reli nzima. Treni inasimama. Na kila mtu, mmoja baada ya mwingine, anajikuna pua taratibu, kama aliyeingoja nafasi hiyo miaka mingi.

Nikaamka. Barua ilikuwa mezani, haijatiwa saini. Nilipovua gauni la kulalia niliona begani alama za vidole vitano vya mafuta, vinanukia karanga. Nikapima na vyangu. Vilikuwa vikubwa kuliko vyangu.

Nikachukua kalamu, nikakata "mkono", nikaandika "bega". Ndipo nikatia saini.