Maneno Aliyopandikizwa Mama

Mama ni msusi, na kabla ya kiharusi ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Kiharusi kilimwachia mikono mizima na mdomo mtupu. Maneno aliyajua, ila hayakutoka.

Daktari alimpa tiba iliyokuwa bado inajaribiwa. Mama anameza kidonge, kisha anashikiwa kichwani kifaa cha sumaku mfano wa upawa, bila kisu wala sindano. Viwili hivyo vikienda pamoja, alisema daktari, huenda ubongo ukalainika kwa muda, na maneno yanayorudiwa wakati huo yakashika upesi. Udongo uwahi ungali maji, akatuhimiza. Maneno ya kumfundisha tuchague wenyewe.

Mimi nilikuwa kazini kutwa, hivyo shangazi, dada yake baba, akajitolea kumpeleka. Nilishukuru, ingawa yeye na Mama walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Neno la kwanza la Mama nyumbani lilikuwa "asante, wifi." Tulifurahi. Kisha akataka maji, akasema "asante, wifi." Akajikwaa, "nisamehe, wifi." Kila yalipomtoka alikunja uso kama aliyetafuna nzi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki. Nyuma ya pazia nilimkuta shangazi amemshika Mama kidevu, anamfuta mate kwa kidole, kisha anajipangusia kwenye gauni la Mama.

"Sema, wifi alikuwa na haki," alimwambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Mara moja tu, tupumzike."

Mama akasema.

"Shangazi, mwachie."

"Namfundisha adabu aliyoikosa miaka yote," akajibu, hana hata haya.

"Mtu hafundishwi adabu akiwa hana mdomo wa kukataa."

Tangu hapo nilibadilisha zamu, nikampeleka mwenyewe. Tulifanya mazoezi ya maneno ya kazi yake: kaa, inama, inauma? Nilipotaja "sitaki," alinikamata mkono nilirudie. Yakaja polepole. Yale ya shangazi, daktari alisema, hayafutiki kama chaki. Tuyazidi tu kwa mengine.

Wateja wamerudi. Mwezi uliopita shangazi alikuja kumjulia hali. Mama alimpa kiti, akamwekea chai, mara midomo ikaanza kwenda yenyewe. Akaiziba kwa kiganja, akatoka kwenda kutapika uani.

Kikombe alichonywea shangazi nilikiosha mara mbili. Halafu nikakitupa.