Simu ya Pacha

Siku ile mjinga alikuwa Svetislav, na wala hakatai. Hata leo ukimkuta kwenye kibanda cha magazeti pale Smederevo, mji wa Serbia, ukamgusia habari ile, atakwambia mwenyewe, "Nilikuwa mjinga, ndiyo, lakini mjinga mwenye haki." Kisha ataanza kukasirika upya, kana kwamba jambo lenyewe limetokea asubuhi hiyo.

Maisha yake yote alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chuma, mpaka alipostaafu. Kwa hiyo kampuni ya simu ilipomletea boksi lenye ruta ya intaneti, nyaya na kichujio kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la simu, na bintiye Zorana akasema labda wangoje fundi, Svetislav alicheka hadi akapaliwa na kahawa.

"Fundi? Mwanangu, mimi nimefunga umeme wa tanuru la kuyeyushia chuma. Kidubwasha hiki kina taa tatu, nacho kinanitaka nimwite mtu?"

"Usaili wangu ni saa kumi na moja, baba."

"Saa kumi na moja utaongea nao mpaka wakuchoshe."

Usaili wenyewe haukuwa wa mchezo. Kampuni moja ya usafirishaji ya Trieste, Italia, ilikuwa inatafuta mtu wa kuifanyia hesabu akiwa nyumbani kwake, na wakubwa wake walitaka kumwona Zorana uso kwa uso kwenye kompyuta, jioni hiyo hiyo. Akiipata kazi, angebaki. Akiikosa, Jumapili alikuwa na kiti kwenye basi la Munich, aende kumwogesha na kumlisha bibi wa Kijerumani asiyemjua, kama walivyokwenda nusu ya wasichana aliosoma nao. Sanduku lilikwisha kuteremshwa kutoka juu ya kabati. Lilikaa wazi karibu na mlango, na kila Svetislav alipopita alilizunguka bila kulitazama, kama mtu anayepishana na mbwa asiyemwamini.

Ruta aliifunga vizuri, hilo asinyimwe. Kichujio ukutani, simu ya mezani upande mmoja, ruta upande wa pili. Akaiweka juu ya televisheni, kwenye kitambaa cha kufuma cha marehemu mkewe, ikasimama na antena yake moja kama mtakatifu aliyesahau kushusha mkono. Akajimiminia rakija kidogo, ile pombe kali ya matunda, akawasha.

Taa ya umeme ikawaka. Taa ya mawimbi ikawaka, na kompyuta ya Zorana ikaiona ruta papo hapo. Ikabaki ile ya tatu, taa ya DSL, ambayo ndiyo hasa inayosema kwamba intaneti imeingia kutoka nje kupitia waya wa simu. Hiyo ikakonyeza. Ikakonyeza tena. Ikaendelea kukonyeza kama mlevi aliyempenda mhudumu wa baa.

"Ipe muda," Svetislav alisema.

Wakaipa muda. Wakaipa na chakula cha mchana. Taa ikakonyeza tu. Mwishowe alichukua simu ya mkononi ya Zorana akawapigia kampuni, akasikilizishwa kinanda mpaka akachukia kinanda, ndipo akajibiwa na kijana mwenye sauti ya mtu anayekula.

"Mzee, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha, nimeizima tena. Unataka nizime na mtaa mzima?"

"Huku kwetu laini yako inaonekana ni nzima kabisa. Intaneti imefika nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mimi niko nyumbani na sijaiona!"

Kijana akamtakia siku njema, akakata. Svetislav akabaki ameikodolea macho simu ile kana kwamba imemtemea mate. Ndipo alipomkumbuka Desanka.

Desanka alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, akikaa ghorofa ya juu yake moja kwa moja. Zamani, enzi ambazo simu ilikuwa kitu cha kuomba na kungojea miaka, nyumba zao mbili ziliunganishwa kwenye waya mmoja. Kila mmoja alikuwa na nambari yake, lakini waya ulikuwa huo huo, na watu wakaiita simu ya pacha. Pacha mmoja akiongea, simu ya mwenzake imekufa. Na Desanka alikuwa na dada huko Subotica, dada mwenye mambo mengi. Svetislav alipohitaji laini, alikuwa akigonga bomba la maji ya moto linalopanda kutoka sebule yake hadi sebule ya mama yule, maana yake: kata sasa, hata wengine wana ndugu. Desanka naye aligonga kujibu, na maana ya jibu lake haifai kuandikwa.

Wiki iliyopita kampuni ilikuwa imewatenganisha, kila mtu na waya wake, kwa sababu intaneti haikubali kupita kwenye pacha. Mafundi walijifungia na nyaya kule chini ya jengo, wakavuta sigara zao, wakasema tayari, wakaenda.

"Wametutenganisha kwenye karatasi tu," Svetislav alisema sasa. "Mama yule yuko na dada yake kwenye simu. Ameikalia intaneti yangu!"

Zorana aliinua mkono wa simu ya mezani, akasikiliza. "Ina mlio, baba. Angekuwa anaongea, huku pangekuwa kimya. Fundi umeme ni wewe au mimi?"

"Huo ndio ujanja wake."

"Ujanja gani?"

"Ningeujua, ungekuwa ujanja?"

Akaenda kuchukua spana. Akaligonga bomba mara mbili, kistaarabu. Kimya. Akaligonga tena, safari hii bila ustaarabu. Kutoka juu likaja jibu zito mpaka unga wa chokaa ukamdondokea Svetislav kichwani.

"Umesikia? Mtu asiye na kosa hagongi hivyo!"

"Baba, tafadhali. Imebaki nusu saa." Zorana alikwisha kuvaa blauzi nyeupe na kuchana nywele. Alikaa mbele ya kompyuta isiyo na intaneti kama bibi harusi ambaye bwana harusi amepotea njia.

Hapo simu ya mezani ikalia. Svetislav akaipokea, akasikiliza kidogo, uso ukamwiva. "Umekosea nambari! Hayupo mtu huyo hapa! Na mkome!" Akaibamiza.

"Nani huyo?"

"Ni wale wale! Tangu wiki iliyopita wananipigia kumwulizia Desanka. Leo huyu, juzi mwingine, Jumatatu mwingine. Anawatuma makusudi waje kunichokoza."

Zorana hakuwa na muda wa ubishi. Alichukua simu yake ya mkononi na kubonyeza nambari ya nyumbani kwao, ile aliyofundishwa kabla hajajua kuandika jina lake. Simu ya mezani, mbele ya pua zao, ilinyamaza kimya. Juu ya vichwa vyao, kupitia zege, simu ikaanza kulia.

Svetislav alitazama dari. "Kata."

Akakata. Kule juu pakanyamaza.

"Piga tena."

Akapiga. Ikalia. Wakasikia ndala zikiburuzwa, kisha sauti ya Desanka ikatoka kwenye simu ya mkononi: "Halo? Svetislav, kama ni wewe, Mungu anakuona!"

Mafundi wale walikuwa wamepishanisha nyaya. Waya wa Desanka umeingia kwa Svetislav, na wa Svetislav, pamoja na nambari yake na intaneti yake aliyoiomba na kuipigia foleni, umepanda kwa Desanka na kujikalia ukutani.

"Washenzi!" Svetislav alianza. "Wahuni! Nitawaandikia! Nitakwenda Belgrade, nitakaa mlangoni kwao…"

Lakini alikuwa anaihutubia televisheni. Zorana amekwisha kung'oa ruta na kichujio, amebana kompyuta kwapani, yuko kwenye ngazi. Akamkimbilia, spana bado mkononi.

Desanka alifungua mlango akiwa na joho la nyumbani na miwani minene kama vitako vya chupa. Akaitazama spana. "Umeona bomba halitoshi?"

"Bi Desanka, una intaneti yangu!"

"Mimi nina shinikizo la damu, bwana. Hiyo nyingine sijaiona."

"Iko ukutani kwako!"

"Basi ije ichukuliwe na mtu mwenye adabu."

"Shangazi Desa," Zorana aliingilia, pumzi zikimpaa, "nina usaili wa kazi sasa hivi. Nikiukosa, Jumapili naondoka. Naomba tundu lako la simu tu."

Desanka alimtazama kwa karibu, jinsi alivyozoea kutazama kila kitu siku hizo. "Vua viatu, mwanangu. Ndala ziko hapo. Kaa meza ya sebuleni, kuna mwanga."

Zorana akapita. Svetislav akanyanyua mguu amfuate, mkono wa Desanka ukaziba mlango.

"Wewe hapana."

"Binti yangu yumo humo!"

"Binti yako amesema naomba. Wewe umenipigia ngoma mchana kutwa. Unajua nafanya nini humu ndani wiki nzima? Nakaa na simu, nangoja kliniki ya macho waniite kwa upasuaji. Hata mkate naogopa kushuka kununua. Simu inalia, naruka, kumbe ni binamu yako wa Požarevac anauliza unataka nguruwe mzima au nusu!"

"Na hukuniambia?"

"Nikushukie wewe? Na spana hiyo?"

Svetislav akaishusha spana. Yule wa mwisho kwenye simu alikuwa amesema neno, naye Svetislav akamkatiza kabla halijaisha.

"Yule mama wa leo," alisema polepole. "Nadhani alisema kliniki."

Desanka hakupepesa. "Ukamjibu nini?"

"Kwamba hayupo mtu huyo."

Desanka akaisukuma miwani yake juu ya pua.

"Kesho asubuhi," alisema Desanka, "utawapigia wewe, mbele yangu, na utawaambia nani hajui kusikiliza."

"Nitawapigia. Kweli nitawapigia."

Sebuleni, taa ya tatu ilikonyeza mara kadhaa, ikatulia, ikawaka imara. Zorana akaishika meza kwa mikono miwili. Kwenye kompyuta ikatokea sura ya mwanamume mwenye tai, naye Zorana akaanza kumsalimia kwa Kiitaliano, sauti ikitetemeka kwanza, kisha ikijishika.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Svetislav aliitazama ile taa ikiwaka kwenye nyumba isiyo yake, na hasira yote ya siku nzima ikamrudia.

"Lakini hii ni haki kweli?" akapaza sauti. "Laini nimeomba mimi! Ruta nimefunga mimi! Halafu nisimame kwenye ngazi kama mchukua taka? Intaneti yangu iko ndani, mimi niko nje!"

Ndani, Zorana aligeuza nusu ya uso na kumpungia mkono chini ya meza, macho yakimwomba. Mwanamume wa Trieste alikuwa ameinua nyusi.

Desanka alimsogelea Svetislav, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Intaneti yako imeingia kwangu bila kelele. Ukiweza hivyo, na wewe ingia."